Mchumba Aliyegeuka Dada

Chelel, ng'ombe wa Jerop, alikuwa hataki mkono wa mtu mwingine. Wageni wa mazishi walipokwisha kwenda zao na viti vya kukodi vikarudishwa, Kipyego alichukua ndoo akaenda kukamua. Teke moja tu, ndoo ikaruka mpaka kwenye mahindi, na mzee akajikuta ameketi kwenye matope. Akamwangalia ng'ombe. Ng'ombe naye akageuza uso wake mweupe, akamwangalia. Wote wawili walikuwa wanamtafuta mtu yule yule.

Alirudi ndani. Nyuma ya mlango wa chumba kilikuwa kinaning'inia kitambaa cha kichwa cha marehemu mkewe Jerop, cha maua ya manjano, bado kina harufu ya moshi wa jikoni. Akajifunga kichwani. Akavaa na sweta yake, mikono ikaishia kwenye viwiko. Chelel alinusa kitambaa, akanusa sweta, akapumua kwa nguvu, halafu akateremsha maziwa kama kawaida.

Tangu hapo Kipyego akawa kichekesho cha Cheptiret. Wanaume waliopeleka mitungi ya maziwa barabarani walisimama kwenye ua wake kila asubuhi.

"Mama Sharon, umeamkaje?"

"Salama," anajibu, na mikono haiachi kazi.

Hakuwa mtu wa maneno. Shule hakuingia, wenzake walipokuwa wakifundishwa kusoma, yeye alikuwa anachunga mbuzi wa baba yake kule ukingoni, ambapo nchi inakatika ghafla na bonde la Kerio linaanza. Maneno machache aliyokuwa nayo yalimtosha, kwa sababu Jerop alikuwa na mengi ya kutosha wawili. Na Jerop alimpinga kwa kila kitu. Yeye akisema mvua inakuja, Jerop anatoka kuanika nguo. Yeye akisema chai bila sukari, Jerop anatia sukari na kukaa mbele yake kumwangalia akinywa.

"Nisipokupinga utasahau kama niko," alikuwa akimwambia, na kucheka mwenyewe.

Sasa nyumba ilikuwa imebaki na nusu moja tu ya mazungumzo, ile nusu ya kunyamaza.

Binti yao Sharon alikuwa ameolewa mjini Eldoret, anakaa Elgon View kwenye nyumba yenye geti linalojifungua lenyewe. Jumapili moja alifika bila kutangaza, akamkuta baba yake zizini na kitambaa kichwani. Akalia. Akiwa bado analia akatoa simu, akapiga picha. Jioni hiyo picha ilikuwa Fesibuku, na chini yake Sharon ameandika kwamba baba yake amefiwa, na kwamba mapenzi ya kweli bado yapo duniani.

Watu waliipenda picha hiyo. Waliipenda Eldoret, wakaipenda Nairobi, wakaipenda huko ambako watoto wa Uasin Gishu wamekwenda kukimbia na kutafuta kazi. Sharon akaona vibaya salamu zote zile zimpite baba mwenyewe. Wiki iliyofuata alimletea baba yake simu yake ya zamani, ile ya kugusa kioo, akamfungulia kila kitu.

"Baba, watu wanakusalimia. Ukitaka kuwajibu bonyeza hapa, usiachilie, sema, halafu achilia."

"Niseme nini?"

"Chochote, Baba."

Ya kusema aliweza. Ya kusoma ilibidi apate macho ya mtu, na macho yaliyokuwa karibu ni ya Nduta. Nduta alikuwa na duka la rangi ya kijani kando ya barabara kuu. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani, yeye akazaliwa hapa hapa, akaolewa hapa, akafiwa na mume hapa. Alikuwa ananunua maziwa ya Chelel kila jioni, na ndiye aliyemwekea Kipyego bando kwenye simu. Akishamwekea bando, anavaa miwani na kumsomea.

"Huyu anasema pole. Huyu naye pole. Huyu anauliza kama hiyo ng'ombe inauzwa."

"Hapana."

"Huyu anataka kujua kitambaa umenunua wapi. Na huyu..." Nduta akasogeza miwani. "Huyu ni mama anaitwa Chepkirui. Anasema alilia akiona picha. Anasema na yeye alifiwa na mzee wake. Kwao ni Moiben, lakini yuko Amerika anatunza wazee."

"Mwambie asante."

"Asante tu? Mtu amelia mpaka Amerika, Mzee!"

Kipyego akafikiri. "Mwambie asante sana."

Chepkirui alijibu siku hiyo hiyo, na siku iliyofuata akajibu tena. Alipojua kwamba kuna mtu anayemsomea mzee, akasema mambo ya watu wawili hayafai kupitia dukani. Yeye angetuma sauti, na Kipyego angejibu kwa sauti. Ilikuwa sauti nzuri, ya polepole, kama ya mtu aliyeketi karibu na moto.

"Kipyego wangu, umekula?"

Mzee aliposikia hayo mara ya kwanza alisimama katikati ya jikoni na sufuria mkononi. Tangu watu wa mazishi waondoke, hakuna aliyemuuliza kama amekula. Alibonyeza, akasema: "Nimekula." Akaachilia. Halafu akaona amedanganya, maana ugali ulikuwa haujaiva. Akabonyeza tena. "Bado. Lakini nitakula."

Basi simu ikawa inaingia zizini kila asubuhi kwenye mfuko wa sweta ya Jerop. Chelel anachezesha masikio, maziwa yanaimba kwenye ndoo, na Chepkirui anaongea. Na jambo lililomfurahisha mzee ni vile walivyofanana. Alimwambia hapendi sukari kwenye chai. Chepkirui naye hajapenda sukari tangu utotoni. Alimwambia huwa analala mapema; naye pia. Alimwambia baridi ya Julai inamuuma goti la kushoto. Kumbe na yeye, goti lile lile. Ilikuwa kama kuingiza mguu kwenye kiatu cha dukani na kukuta kimekuchukua sawasawa.

Mara moja alimuuliza mbona hasemi Kikalenjin. Akasema alilelewa na watu wa mama yake mjini Nakuru, anakisikia lakini ulimi ni mzito. Kipyego hakuona ajabu. Wajukuu wake wa Elgon View nao ndimi zao zilikuwa nzito hivyo hivyo. Mara nyingine alimuomba waonane kwa simu, uso kwa uso, vile Sharon hufanya. Chepkirui akasema simu yake imeharibika macho.

Mzee akaanza kunyoa ndevu. Akanunua mafuta ya kujipaka.

"Mzee, siku hizi unang'aa," Nduta akamwambia akipokea maziwa. "Kuna nini?"

"Baridi."

"Baridi haing'arishi mtu. Ni yule wa Amerika, si ndiyo?" Kipyego akagusa mfuko, bila kujua kama amegusa. Nduta akaona. "Umeshamwona uso, akiwa anaongea?"

"Simu yake imeharibika macho."

Nduta akaweka mtungi chini taratibu. "Kuna dada wa kanisa letu alipendwa na mwanajeshi wa Ulaya. Huyo naye simu yake ilikuwa imeharibika macho. Inaonekana ni ugonjwa wa simu za wapenzi wa mbali. Huyo dada sasa hivi anakaa kwa mtoto wake, shamba limeenda. Mzee, mtu akikupenda bila kuonekana, muulize anaficha nini."

"Wewe humjui."

"Wewe je, unamjua?"

Kipyego alichukua mtungi wake ukiwa bado na maziwa nusu, akaenda. Alipomsimulia Chepkirui, akaambiwa: "Si nilikwambia? Huyo mama ana wivu. Watu hawapendi kuona mjane akifurahi. Haya mambo yetu tusimwambie mtu, hata Sharon, mpaka nifike." Mzee akaona ni kweli. Akawa ananunua bando kwa duka la pili, ambako hakuna aliyemuuliza chochote.

Halafu Chepkirui akasema anakuja. Alitaka kuila Krismasi Cheptiret, kando ya moto wa Kipyego. Kitu kimoja tu kilimzuia: tajiri wake alikuwa ameshika karatasi zake za kusafiria, na hatazitoa mpaka alipwe. Alitaja pesa. Kipyego hakuwa msomi, lakini bei ya ng'ombe wa maziwa aliijua, na pesa aliyoambiwa ilikuwa bei hiyo bila kupungua.

"Kipyego wangu," sauti ikasema kwa upole, "si uko na yule ng'ombe wa picha? Nikifika tutanunua wawili."

Siku hiyo mzee aliirudisha simu mfukoni. Alikata nyasi nyingi kuliko zinazohitajika. Alimsugua Chelel mgongo mpaka ng'ombe akachoka kusuguliwa. Nusu ya moyo wake ilisema kitu cha Jerop hakiuzwi. Nusu nyingine ilisema Jerop hatarudi kuuliza, na nyumba ni baridi. Kesho yake alimwita Mabonga, broka wa mifugo.

Mabonga alizunguka ng'ombe, akashika kiwele, akafungua mdomo, akapiga mluzi. "Mzee, hii si ng'ombe, hii ni benki. Una shida gani mpaka unauza benki?"

"Utakuja lini?"

"Siku ya soko, asubuhi. Nitakuja na pikapu na pesa taslimu."

Sasa kama Chepkirui anakuja kweli kukaa kando ya moto wake, Kipyego alitaka jambo lifanywe vizuri. Na hapo akaona haya, maana alikuwa ameruka hatua ya kwanza kabisa. Alipomtaka Jerop, kabla hata hajaona meno yake, baba yake alishauliza ukoo. Swali hilo huulizwa mlangoni, na yeye alikuwa ameshaingia hadi jikoni bila kuuliza. Alisafisha koo. Akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuiambia simu hiyo.

"Chepkirui. Kabla hujakuja. Sisi hapa ni Toiyoi. Watu wa mvua. Nyinyi ni ukoo gani?"

Jibu lilikuja asubuhi, yuko zizini, Chelel ameshateremsha maziwa. Chepkirui alianza kwa kicheko.

"Kipyego wangu, hutaamini! Hata sisi ni Toiyoi! Watu wa mvua, kama wewe. Umeona vile Mungu anapanga mambo? Damu yetu ni moja!"

Mikono ya mzee ikasimama. Chelel akageuka kuangalia kuna nini.

Damu moja. Hata mtoto anayechunga ndama anajua kwamba Toiyoi haoi Toiyoi. Watu wa ukoo mmoja ni kaka na dada, hata kama mmoja kazaliwa Moiben na mwingine Cheptiret na hawajawahi kuonana. Na yeye, mzee mzima, mzee wa kanisa, alikuwa amemwambia dada yake kwamba sauti yake inampasha joto. Masikio yakamwaka. Akavua kitambaa cha Jerop kichwani kwa aibu. Chelel akainua mguu wa nyuma. Mzee akakivaa tena.

"Tumeharibu," akamwambia ng'ombe.

Hata mara moja hakufikiri kwamba anadanganywa. Mtu anaweza kudanganya umri, anaweza kudanganya kazi, lakini adanganye ukoo kwa faida gani? Aliona tu kwamba maskini amelelewa mjini, na hakuna aliyemfundisha. Alimaliza kukamua, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamlilia mwanamke wa pili ndani ya mwaka mmoja. Ndoa hakuna. Mtu wa kando ya moto hakuna.

Lakini alipokuwa anajifuta macho na ncha ya kitambaa, wazo lingine likamjia, na hilo lilikuwa jepesi kidogo. Kama Chepkirui ni dada, basi dada yao amekwama ugenini, mikononi mwa tajiri mbaya. Siri ya mchumba ni ya mtu na mchumba wake, na hiyo alikuwa ameitunza. Dada aliyekwama si wa mtu mmoja, ni wa ukoo mzima. Kunyamaza sasa kungekuwa ni kumtupa. Akavua sweta ya Jerop, akavaa koti lake la kanisani, na kabla ya saa sita alikuwa amefika Moiben kwa Kigen.

Yeye na Kigen walitahiriwa pamoja. Sasa Kigen alikuwa mnene, mwenye mahindi mengi na vicheko vingi, na ndiye aliyekuwa akishika mambo ya Toiyoi upande ule: nani kazaa, nani kaoa, nani anahitaji kuchangiwa. Alimpokea Kipyego kwa kikombe cha mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu.

"Ndugu yangu, wewe kutoka Cheptiret na koti la kanisani siku ya kazi! Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimeleta habari ya dada yetu."

"Dada yupi?"

"Chepkirui. Yuko Amerika. Amekwama."

"Chepkirui wa nani?"

"Wa Moiben hapa. Toiyoi. Anasema baba yake alikuwa mwalimu, anaitwa Kiprono."

Kigen akaweka kikombe chini. "Kipyego, nisikilize. Toiyoi wa Moiben, walio wazima nawajua kwa majina, na waliolala nawajua kwa makaburi. Mwalimu Kiprono hayuko. Hajawahi kuwa."

"Labda alihama zamani."

"Hata akihama anaacha jina. Huyo dada umempata wapi?"

Kipyego akasimulia. Alisimulia kwa ufupi, kama kawaida yake, akaruka yale ya joto. Kigen hakucheka. Aliomba simu, akamwambia Kipyego ambonyezee pale pa kusemea, akaiweka karibu na mdomo kama mtu anayeomba neno kwenye harusi.

"Dada yetu Chepkirui, mimi ni Kigen, kaka yako wa Moiben. Kipyego ametuletea habari yako, na tumefurahi sana. Usiogope. Ukoo utakaa, tutachanga wote. Tuko na vijana wetu huko huko Amerika. Tutamtuma mmoja aje mpaka mlangoni kwako, azungumze na huyo tajiri, alipe kwa mkono wake, akuchukue. Tuambie tu unakaa mji gani, na nyumba ya baba yako ilikuwa upande gani wa Moiben. Karibu nyumbani, dada."

Hata Kipyego alisikia machozi yakimkaribia, jinsi yalivyokuwa maneno mazuri. Wakaketi wakingoja. Kuku akaingia, akafukuzwa. Simu ikalia.

"Kipyego! Nilikwambia usiambie mtu! Kwa nini umeleta watu kwa mambo yetu? Mimi sitaki mtu aje kwangu, unasikia? Kama unanipenda, uza hiyo ng'ombe leo, na utume leo!"

Ilikuwa sauti ile ile, lakini haikuwa tena kando ya moto. Kipyego alingoja, akidhani kuna inayofuata. Haikufuata. Alikuwa ametoka kwake asubuhi bila kula, amefika Moiben na kikombe cha mursik tu tumboni, na kwa mara ya kwanza Chepkirui hakuwa ameuliza kama amekula.

"Dada gani huyu," Kigen akasema polepole, "anayekataa kaka zake wasimfikie?"

Kipyego alikuwa ameondoka Moiben kwa mawazo, yuko mtoto tena, na mbuzi, juu ya ule ukingo wa Kerio. Siku moja kule alipaza sauti, na mtoto mwingine akamjibu kutoka mbali, neno lile lile. Alifurahi sana kupata rafiki. Akamwambia jina lake, na yule mtoto akamtajia jina hilo hilo. Alimwita kwa siku nyingi, akimbakishia hata viazi, mpaka kaka yake mkubwa alipomwambia hakuna mtu kule. Ni mwamba tu unaokurudishia kelele zako.

"Sukari," akasema.

"Nini?"

"Nilisema sipendi sukari. Yeye pia. Nikasema goti. Yeye pia. Nikasema Toiyoi." Akaangalia simu. "Nilikuwa naongea na mwamba."

Kigen alijizuia kadiri alivyoweza, na uwezo wake ulikuwa mdogo. "Ungesema sisi ni watu wa nyani, saa hii angekuwa nyani! Lo, ndugu yangu! Mwizi amekutaka wewe na ng'ombe yako, halafu kwa tamaa ya kufanana nawe akajifanya dada yako! Amejifungia mlango mwenyewe, na yuko nje!" Alicheka mpaka akashika mbavu, na Kipyego naye akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani. Halafu kikageuka. Kigen akaacha kucheka, akasogeza kiti, akamwekea mkono mgongoni mpaka ilipoisha.

"Jerop alikuwa anakupinga sana," Kigen akasema.

"Kila kitu."

"Huyo alikuwa mtu."

Siku ya soko Mabonga alifika na pikapu na kamba mpya. Alimkuta mzee zizini, kitambaa kichwani, ndoo imejaa.

"Mzee, nimekuja kuchukua benki."

"Rudi."

"Tulikubaliana, Mzee!"

"Nilikula pesa yako?"

"Hapana, lakini..."

"Huyu ni wa Jerop."

Mabonga aliangalia kitambaa, akaangalia ng'ombe, akakunja kamba yake. Hakuwa mtu mbaya. "Basi niuzie hata maziwa ya chai. Mafuta ya pikapu nitamwambia nani?"

Kipyego akamjazia chupa, hakutaka malipo.

Sharon alipoambiwa alikuja mbio, na aibu ilikuwa yake. "Ni mimi, Baba. Ni mimi niliyeweka picha, nikaandika kila mtu ajue umebaki peke yako. Wale watu huwa wanatafuta picha kama hizo."

"Picha ni nzuri," mzee akasema. "Nionyeshe pa kufunga."

Sharon akamwonyesha mahali pa kumfungia mtu nje, asiweze tena kuandika wala kusema. Akamwonyesha na pa kumshtaki kwa wenye mtandao, ili asihamie kwa mzee mwingine. Lakini kabla ya kufunga, Kipyego akaomba simu kwanza. Akabonyeza.

"Ulisema wewe ni Toiyoi. Sisi hatuibiani. Kama una njaa, sema una njaa. Maziwa iko."

Akaachilia. Akangoja kidogo, maana alisema kwa kumaanisha. Hapakuja kitu. Akamwambia Sharon afunge.

Jioni alichukua mtungi, akaenda kwenye duka la kijani. Hakuwa amefika hapo tangu siku ile ya maziwa nusu. Nduta alimwona toka mbali, akajifanya anapanga sabuni.

"Mzee Kipyego. Nilidhani umehamia Amerika."

"Hapana."

"Na macho ya ile simu, yamepona?"

"Yamekufa."

Nduta akaacha sabuni. Alimwangalia usoni, akaona ndevu zimerudi. "Ng'ombe iko?"

"Iko."

"Basi umeshinda, Mzee. Yule dada wa kanisa letu ningetamani angeshinda hivyo." Akachukua mtungi, akamimina maziwa, akaurudisha. Mzee hakuondoka. Alisimama pale kaunta, mikono juu ya mbao, akiangalia magari yakipita kuelekea Nakuru. Nduta akamwacha asimame. Baadaye, bila kugeuka, akiwa anapunguza moto wa jiko lake dogo la nyuma, akauliza:

"Umekula?"

Kipyego akashtuka kidogo. "Bado."

"Keti. Kuna chai na mandazi."

"Chai bila sukari," akasema. "Sipendi sukari."

"Hiyo si chai, hayo ni maji ya kuoshea sufuria. Mtu mzima anakunywaje kitu kama hicho?"

Mzee akakaa kwenye kreti ya soda. Kikombe kikaja, kinatoa mvuke. Akaonja.

"Umetia sukari."

"Nimetia."

"Nilisema bila."

"Nilisikia, Mzee. Mimi si kiziwi."

Alikiangalia kikombe. Alimwangalia Nduta, ambaye alikuwa amekunja mikono, amesimama mbele yake, anangoja. Kipyego akanywa yote.